Ndoo ya lita 20, simu mbili na goti la mama: bila maabara utafiti upo?

Swali la msomaji wetu wa Dodoma, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali moja hapa Dodoma mjini, mwaka huu nimeanza masta. Kliniki nakutana sana na akina mama wa vijijini, wa Chamwino, wa Bahi, magoti yanauma kiuno kinauma, ukiwauliza wanakwambia ni maji, ndoo kichwani kila siku. Nataka utafiti wangu uwe huo, ndoo inafanya nini kwenye goti. Supavaiza anasema bila maabara ya mosheni kapcha, ile ya kunasa mwendo kwa kamera nyingi, nisijisumbue. Rafiki yangu wa kompyuta anasema siku hizi simu inamaliza kila kitu, akili mnemba inasoma mifupa yenyewe. Bajeti yangu yote ni milioni mbili. Nimsikilize nani?"

Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize hata mmoja kwanza, maana wote wawili wanabishania chombo na hakuna aliyekuuliza unatafuta tofauti ya ukubwa gani. Nenda pale sokoni Kibaigwa uangalie mizani ya magunia, ikikosea robo kilo kwenye gunia la mahindi hakuna anayegombana, lakini weka pete ya dhahabu juu ya mizani hiyohiyo uone, haitacheza hata kidogo. Mizani siyo mbovu, ni ya kazi nyingine tu. Na sonara naye ukimpelekea gunia atakucheka. Kwenye biomekanika, yaani sayansi ya mwendo wa mwili na nguvu zinazoubeba, mambo ni hayohayo, kosa la kipimo chako lazima liwe dogo kuliko badiliko unalolitafuta, ukishindwa hapo hata ukipewa maabara ya mamilioni utatoka na grafu nzuri zisizosema kitu.

Sasa hebu tulifumue swali lako maana umeyafunga maswali matatu kwenye kanga moja.

La kwanza, ndoo inabadilisha vipi mwendo wa mama, yaani kasi, urefu wa hatua, goti linakunjwa kiasi gani, kiwiliwili kinasimama vipi. La pili, goti linabeba mzigo kiasi gani. La tatu, je ndoo ndiyo inaleta maumivu. Hayo matatu hayapimwi kwa kifaa kimoja na la tatu nakwambia mapema halipimwi na kamera yoyote duniani. Hata ungepewa kamera 12 za infraredi hazitakwambia kwa nini mama wa miaka 50 goti linamuuma, kwa sababu huyo mama amelima kwa jembe la mkono tangu utoto, ametwanga, amebeba watoto mgongoni huku ndoo iko kichwani, ameinama kupalilia karanga. La tatu ni la kufuatilia watu kwa miaka, au angalau kulinganisha wanaobeba sana na wasiobeba huku ukihesabu na hizo kazi nyingine zote. Kwa masta ya miaka miwili liache, litaje kwenye utangulizi kama sababu ya kuanza, basi.

La pili ndilo supavaiza wako analifikiria na hapo ana haki. Mzigo kwenye goti sio uzito wa mama jumlisha ndoo. Mguu unapokanyaga chini ardhi inamrudishia nguvu, kwenye kutembea kwa kawaida kilele chake ni kama uzito wa mwili mara 1.1 hadi 1.2, ila ndani ya kiungo kuna misuli nayo inavuta ili mtu asianguke na hiyo misuli ndiyo inabana mifupa kuliko uzito wenyewe. Kule Berlin kuna watafiti waliwawekea wagonjwa nyonga na magoti bandia yenye vihisi ndani yake, vinatuma vipimo nje wakati mtu anatembea, ikaonekana kutembea tu barabara tambarare kiungo kinabanwa zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Kwahiyo ukiongeza kilo 20 kichwani, goti haliongezewi 20, linaongezewa zaidi ya hapo, kiasi gani inategemea mama anatembeaje. Kulijua hilo vizuri unahitaji bamba la kupimia nguvu limefukiwa sakafuni, unahitaji kamera zinazojua kila kiungo kiko wapi kwa wakati uleule, halafu unarudi nyuma kwa hesabu kutoka unyayo, kifundo, goti, mpaka nyonga. Video peke yake inaona mwendo, nguvu haioni. Kuna programu zinazokisia nguvu kutoka kwenye mwendo na zimeanza kuwa nzuri, ila kwa mama mwenye ndoo ya maji kichwani sikushauri ujenge tasnifu nzima juu ya makisio.

La kwanza sasa ndilo lako. Na usilidharau. Mwaka 1986 kwenye jarida la Nature ilitoka kazi maarufu kuhusu wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, walipimwa oksijeni wanayotumia huku wamebeba mzigo kichwani, ikaonekana mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili hawaongezi matumizi ya nishati kabisa, yaani kama wanabeba bure. Mwaka 1995 wenzao wakafuatilia kwa nini, wakakuta mwili wao wakiwa na mzigo unabembea juu ya mguu kama pendulamu vizuri zaidi, nishati kidogo inapotea kila hatua. Dunia nzima ikashangilia. Halafu 2010 wakaja watafiti wengine wakapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, hiyo "bure" kwa wastani hawakuiona, walichokiona ni watu kutofautiana sana mmoja na mwingine. Sasa piga hesabu ya kwetu, mama wa kilo 60 asilimia 20 yake ni kilo 12, wakati ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji na plastiki yake juu, tayari ni theluthi ya uzito wake. Tumeshatoka nje ya hiyo bure hata kama ipo. Ndio maana nikasema hapo pana utafiti kabisa na kwa mama wa Ugogo nadhani ni swali la haki yake kuulizwa.

Tuje kwenye vifaa, na nitaongea zaidi juu ya simu kwa sababu ndiyo utakayotumia.

Maabara kamili kwanza kwa kifupi ujue unakosa nini. Wanakubandika vidoti vinavyong'aa kwenye ngozi, kamera za infraredi zinaviona kutoka pande zote, kila kidoti kinajulikana kilipo kwa kosa lisilofika milimita moja. Inatisha kwa uzuri. Ila kidoti kiko kwenye ngozi, mfupa uko ndani, na ngozi ya paja inateleza juu ya mfupa hata zaidi ya sentimita moja mtu akitembea. Kwahiyo hata wenye mamia ya mamilioni wana kosa lao, wamelijua tu na wanaliandika. Halafu fikiria kumwambia mama wa Mvumi avue kitenge abaki na kaptula ya kubana mbele ya vijana watatu wa chuo wakimbandika vidoti kiunoni. Hata akikubali hatatembea kama anavyotembea akitoka kisimani, atatembea kama mtu anayetazamwa.

Simu sasa. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kizamani, video ya ubavuni, unaifungua kwenye programu kama Kinovea ambayo ni ya bure, unaweka pointi mwenyewe nyonga, goti, kifundo, inakupa pembe. Ya pili ni hiyo ya rafiki yako, akili mnemba inakisia viungo bila kidoti chochote. MediaPipe ya Google inatoa pointi 33 kwa mwili mzima kwa kamera moja. OpenCap iliyotoka Stanford inatumia iPhone au iPad mbili au zaidi, unaprinti karatasi yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti kwa ajili ya kuziseti, halafu video zinapanda kwenye seva zao zinarudi zikiwa pembe za viungo vya pande tatu. Kwenye ripoti yao ya 2023 walilinganisha na maabara ya vidoti wakapata tofauti ya wastani kama digrii 4.5 kwenye pembe za viungo. Ishike hiyo namba 4.5.

Sema unategemea ndoo itabadilisha mkunjo wa goti kwa digrii 3. Kifaa kinakosea 4.5. Utasema basi imekufa? Sio lazima. Kosa liko la aina mbili. Kuna kosa la kuyumba, leo juu kesho chini, hilo ukirudia hatua nyingi ukachukua wastani linapungua, hatua 25 linabaki moja ya tano. Na kuna kosa la kudumu, kifaa kinaongeza digrii 4 kila siku kila mtu, hilo wastani haulisaidii hata ukirudia hatua elfu, ila kama unamlinganisha mama na yeye mwenyewe, bila ndoo na akiwa na ndoo, linajifuta lenyewe kwa sababu liko pande zote mbili. Ndio maana nakusihi kila mama awe mlinganisho wa nafsi yake, usichukue kundi la wabebaji na kundi la wasiobeba.

Lakini hapa kuna mtego ambao rafiki yako wa kompyuta hataukumbuka. Hilo kosa la kudumu linajifuta kama ni lilelile pande zote, na ndoo yenyewe inalibadilisha. Mama akiweka ndoo kichwani mkono mmoja unapanda juu kuishika, kiwiko kinaziba uso, kivuli cha ndoo kinaangukia mabega, na hiyo akili mnemba imefundishwa kwa picha za watu wengi tu ila sidhani kama ilifundishwa kwa akina mama wenye ndoo. Ikipoteza sikio au bega inaanza kubuni. Kanga nayo, nyonga imefichwa kabisa, programu inakisia iko wapi kwa kufuata mstari wa nguo, upepo ukipiga nyonga inahama na kanga. Kwahiyo unaweza kuona "goti limebadilika digrii 4 akibeba ndoo" kumbe ni programu imechanganyikiwa. Dawa yake ni majaribio: mpe mama ndoo tupu, nyepesi, aiweke kichwani aishike vilevile na atembee. Ukiona pembe zimebadilika kama zilivyobadilika na ndoo iliyojaa basi unachopima ni umbo la ndoo, uzito hauna habari. Kwahiyo vipimo vyako viwe vinne: bila kitu, ndoo tupu, lita 10, lita 20. Na mpangilio upige kura kwa kila mama, usianze na nyepesi kwa wote, uchovu utaingia kwenye matokeo ukajifanya uzito.

Kuhusu nguo zungumza nao mapema, taiti ndefu ndani na kanga ifungwe fupi kidogo mara nyingi wanakubali, wengine wanavaa taiti tayari wakienda shamba, na mrekodi wako awe mwanamke.

Sasa makosa ya kijinga ambayo nimeyafanya mwenyewe ili wewe usiyafanye. Kazi yangu ya kwanza ya kijijini nilirekodi saa nane mchana, uwanja wa wazi, jua la Dodoma unalijua, simu ikachemka ikazima mara tatu, na ilipowaka kumbe ilikuwa inapunguza idadi ya picha kwa sekunde bila kuniambia. Nikarudi na video zinazoandika fremu 30 kwa sekunde huku ndani ziko 22, mara 27, mara 30. Kasi zote zikawa uongo. Siku nzima, akina mama kumi na nne, nikaitupa. Simu nyingi zinafanya hivyo hata bila joto, mwanga ukipungua zinapunguza fremu kimyakimya.

Kipimo cha kuikamata ni rahisi mpaka utacheka. Chukua chungwa, simamisha rula ya mita moja, rekodi ukiliachia lidondoke kutoka mita moja kamili. Mvutano wa dunia haudanganyi, litafika chini kwa sekunde 0.45. Kama simu inasema fremu 120 kwa sekunde, hesabu fremu kutoka kuachia mpaka kugonga, lazima ziwe kama 54. Ukipata 40 ujue simu inakudanganya. Fanya asubuhi, fanya katikati ya kazi, fanya mwisho. Na kwa kutembea usirekodi kwa fremu 30, kila fremu inakuwa milisekunde 33, kisigino kinagusa chini katikati ya fremu mbili hujui ni lini, chukua 120 kama simu inayo, 60 ndio mwisho wa kushuka.

Kingine ni umbali. Ukiweka rula yako ya kipimo mita 3 kutoka kwenye kamera halafu mama akapita mita 4, kila urefu utausoma mfupi kwa robo nzima. Rula ikae kwenye mstari uleule anaopita mama, chora mstari kwa chokaa. Simu iwe kwenye tripodi, usawa wa nyonga, imetazama mstari kwa pembe mraba kabisa, na iende mbali ivute kwa zuumu kuliko kusogea karibu, maana karibu inapinda pembeni. Mama akipita mshazari hata kidogo pembe ya goti inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Njia iwe kama mita 14, mita 2 za mwanzo na 2 za mwisho unazitupa maana anaanza mwendo na anapunguza, unabaki na 10 za kupima. Arudie mara tano kila hali.

Na kasi, kasi, kasi. Kila kitu kwenye kutembea kinafuata kasi, mtu akipunguza mwendo goti linakunjwa kidogo, hatua inafupika, kiwiliwili kinatulia, hata bila ndoo. Mama akibeba lita 20 atapunguza mwendo kidogo, halafu wewe utaandika ndoo imebadilisha goti, kumbe kasi ndiyo imebadilisha. Mwache atembee anavyotaka ila pima kasi kila mzunguko na uiingize kwenye hesabu. Ukiweza ongeza mzunguko mmoja bila ndoo lakini kwa mwendo wa polepole ule aliotumia na ndoo.

Ungekuwa unachunguza wagonjwa wa kiharusi wala nisingekuchosha na haya yote, ningekwambia tafuta utepe na saa ya mkononi. Mita 10 kwa sekunde 12.5 ni mita 0.8 kwa sekunde, na huo ndio mstari unaotumika sana kutenganisha anayeweza kutoka kwenda sokoni peke yake na asiyeweza, chini ya 0.4, yaani zaidi ya sekunde 25, huyo bado ni wa ndani ya nyumba. Watu wanatafuta kifaa cha milioni hamsini wakati jibu liko kwenye saa.

Vihisi vya kuvaa, vile vidogo vyenye akselerometa ya kupima mchapuko (kasi inavyobadilika) na jairoskopu ya kupima mzunguko, vingekufaa sana kwa sababu vinafungwa chini ya kanga, havihitaji kamera, na mama anaweza kwenda navyo mpaka kisimani kilomita zake halisi. Vinahesabu hatua, muda wa kila mguu chini na hewani, kwa kawaida mguu uko chini kama asilimia 60 ya mzunguko, wa kiungo kinachouma utaona unakwepa. Tatizo ni kwamba kutoka mchapuko kwenda umbali unajumlisha kosa juu ya kosa, dakika moja tu kihisi kinaweza kudhani mama yuko Manyoni. Wajanja wanatumia ukweli mdogo kwamba unyayo ukiwa chini kasi yake ni sifuri, kila hatua wanairudisha hesabu sifuri. Magnetometa, ile dira iliyomo ndani ya kihisi, usiitegemee karibu na bati au nondo. Hata simu nyingi ndani zina hivi vihisi, kuna apu ya bure inaitwa phyphox ya Chuo Kikuu cha Aachen Ujerumani inakutolea data ghafi, ifunge simu kiunoni na mkanda, ijaribu kwako mwenyewe wiki hii kabla hujaenda kwa mtu.

Vifaa vya umeme wa misuli, EMG, kwa bajeti yako viache. Jasho linang'oa elektrodi, nyaya zinanasa umeme wa TANESCO wa hezi 50, na ukubwa wa yale mawimbi sio nguvu ya msuli kama wengi wanavyoandika. Ila nikupe mfano mmoja wa jirani pale bonde la Eyasi uone kazi ya kila kifaa. Watafiti waliwafunga Wahadza vihisi pajani, 2020 wakatoa matokeo kwamba wanapumzika karibu masaa kumi kwa siku, sawa tu na watu wa nchi za viwanda. Kihisi kingeishia hapo, maana kinajua paja limetulia basi. Walipoongeza EMG wakaona wakati Wahadza wamechuchumaa misuli ya miguu inafanya kazi, tofauti na mtu aliyezama kwenye kiti. Kifaa cha kwanza hakikukosea, swali la pili halikuwa la kwake.

Na kabla hujadharau vya bure, mchanga nao ni kifaa. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zilizoachwa na viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, zina miaka milioni 3.66, na kuna watu waliwatembeza binadamu wa leo juu ya mchanga, magoti yamenyooka na magoti yamekunjwa, wakalinganisha kina cha kisigino na cha vidole na zile za Laetoli, ndio wakapata hoja kwamba wale wa kale walitembea mguu umenyooka kama sisi. Korongo la mchanga Dodoma hukosi. Urefu na upana wa hatua unaweza kuuhakiki kwa utepe juu ya mchanga uone kama video yako inasema kweli.

Baada ya hapo ndio kitu ambacho kitamnyamazisha supavaiza wako kwa heshima. Usiende naye kwa maneno, nenda na namba. Chukua watu kumi na tano, hata wafanyakazi wenzako wa wodini, wapime leo, wapime tena baada ya wiki, mpimaji yuleyule, njia ileile. Hawajabadilika kitu, kwahiyo tofauti yoyote utakayoiona ni kosa la chombo chako na mikono yako. Chukua mkengeuko wa kawaida wa zile tofauti, yaani zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wao, gawa kwa mzizi wa 2, hilo ndilo kosa la kawaida la kipimo. Zidisha kwa 2.77 unapata badiliko dogo kabisa unaloweza kuliamini kwa mtu mmoja. Kosa likiwa digrii 2, chini ya 5.5 kwa mtu mmoja hujaona kitu, ila kwa wastani wa kundi unaweza kuona dogo zaidi. Weka jedwali hilo kwenye proposo. Supavaiza akiona umeijua mizani yako mwenyewe inakosea kiasi gani, ile hoja ya maabara inapungua sana, na kama bado anataka goti la nguvu mwambie kwa heshima kwamba hilo ni la udaktari wa falsafa, tutatafuta bamba.

Vibali usichelewe, hapo ndipo wanafunzi wanapopotezea miezi. Kamati ya maadili ya chuo, na kulingana na utafiti NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, halafu barua za mkoa, halmashauri, kata, mpaka mtendaji wa kijiji. Video ya mtu akitembea ni taarifa binafsi, sura inaonekana, na maumivu yake ni taarifa ya afya, kwahiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa. Ukitumia OpenCap kumbuka video inatoka nje ya nchi kwenda kwenye seva, hiyo lazima iandikwe kwenye fomu ya ridhaa na kamati iijue. Ukitumia Kinovea au MediaPipe kwenye kompyuta yako haitoki popote na hata bando unaokoa. Mimi ningekuwa wewe, kwa milioni mbili, ningeazima simu moja yenye fremu 120, ninunue tripodi, utepe, mizani ya kupima ndoo na mama mwenyewe, nitumie Kinovea kwa pembe na saa kwa kasi, hela inayobaki iende kwenye nauli, msaidizi anayejua Kigogo na posho ya akina mama. iPhone mbili zitakumalizia hela na huna uhakika zitakusaidia na kanga.

Ridhaa isomwe kwa Kigogo kwa wazee, sio kutafsiri papo hapo, iandikwe mapema. Ukifika usianze na karatasi, salimia "mbukwenyi", kaa, waulize wenyewe wanabebaje. Watakufundisha vitu ambavyo hakuna jarida linavyo. Ngata kwa mfano, mwingine anatumia kanga iliyosokotwa, mwingine majani, na urefu wa ngata unabadilisha ndoo inavyokaa, kwahiyo ama kila mtu atumie ya kwake ama wote ya kufanana, chagua moja uandike. Kuna wanaotia tawi la majani juu ya maji yasirukeruke, hiyo inapunguza mtikisiko wa ndoo, lazima ujue nani katia na nani hajatia. Usibadilishe maji kuweka mchanga ili iwe safi kwa hesabu, mchanga hautikisiki na mama anajua, atatembea tofauti.

Muda uwe kiangazi, Juni mpaka Oktoba, masika wako shamba na maji yako karibu. Rekodi saa moja hadi saa tatu asubuhi, kivuli kirefu lakini simu haichemki na upepo bado mdogo. Hiyo ni saa yao ya maji, unawachelewesha, kwahiyo panga mama wanne kwa siku wala usiite kumi wakusubiri. Na zile lita utakazopimia usimwage chini kipimo kikiisha, kila ndoo iishie kwenye pipa la nyumbani kwake, umpelekee wewe na msaidizi wako.